Nashuka, Nina Mayai

Kabla hajawa Kapteni Pamba alikuwa dereva wa gari la mikate, na hilo hapendi likumbushwe. Ukitaka akununie, mwulize mbele za watu kama mkate wa leo umetoka wa moto. Atakutazama kupitia ile miwani yake nyeusi anayoivaa hata sebuleni, atakohoa, halafu ataanza kuzungumzia mawingu. Mimi sina ugomvi na mikate wala na mawingu, kwa hiyo nitaanzia hapo hapo asipopapenda.

Kigari chenyewe kilikuwa na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba, na barabara zilikuwa na mashimo ya kufugia samaki. Madereva wenzake waliyapita mashimo hayo kama wanakimbiza mwizi, mikate ikafika imebonyea, wenye maduka wakatukana. Yeye hapana. Yeye alishuka kwenye shimo taratibu, tairi moja moja, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole cha mguu. Mikate yake ilifika imesimama wima, na wenye maduka walimsifu. Ugonjwa wa kupenda sifa ulimwanzia pale, kwenye mikate, ila hakuna aliyeujua kwa sababu mkate haupigi makofi.

Kati ya sehemu alizopeleka mikate kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana, na bweni lilikuwa na matroni. Huyo matroni, jamani, alikuwa na masikio! Wengine wana masikio ya kuvalia hereni tu, lakini yake yeye yalikuwa ya kazi. Msichana akifungua pakiti ya biskuti chini ya blanketi, kuta mbili mbali, kabla hajaitia ya kwanza mdomoni matroni ameshafika mlangoni, mkono kaunyoosha. Basi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kwamba gari la mikate likifika nyuma ya jiko linazimwa injini, na kwamba kimya kinachofuata ni kirefu kuliko mikate inavyohitaji. Aliyekuwa akiipokea ile mikate stoo ni binti yake wa kumzaa.

Siku moja matroni alitokea nyuma ya gari bila kishindo. "Dereva," alisema, "huo mkate mnaushusha au mnaulea?"

Yule bwana alidondosha kreti. Ndiyo mara pekee mikate yake iliwahi kubonyea.

Hata hivyo alimwoa binti. Wakajaliwa pacha, na tangu hapo nyumbani wakawa Baba Pacha na Mama Pacha. Halafu, katika umri ambao wanaume wengine wanaanza kulalamikia magoti, akaaga mikate na kwenda kusomea urubani, akakaa darasani na watoto waliomwamkia shikamoo kabla ya kumwazima kalamu. Alifaulu. Akaajiriwa na kampuni ndogo yenye ndege ndogo, zile unazopanda kwa kuinama, ukagongana magoti na mtu usiyemjua mpaka mwisho wa safari. Walibeba abiria, dawa za hospitali na vifurushi kati ya miji ya milimani.

Kwa mama mkwe wake hakuna kilichobadilika.

"Dereva hajambo?" alikuwa akimwuliza bintiye kwenye simu.

"Mama, siku hizi ni rubani."

"Si ndiyo hiyo, dereva wa ndege. Kwani anaisukuma?"

Huko kazini ndiko alikopata jina la Pamba. Ndege ile ya kampuni ikiendeshwa na wengine ilitua kama gunia linaloshushwa na vibarua wenye hasira. Ikiendeshwa na yeye, abiria walikuwa wakiulizana kama wameshagusa chini. Kisha mmoja anapiga kofi, wa pili anapokea, na ndege nzima inampigia makofi mtu ambaye, ukifikiri vizuri, amefanya tu kile alicholipiwa nauli. Kapteni Pamba alikuwa na ujanja wake: tairi zikishagusa, alichelewesha kidogo kugeuka kuelekea maegesho ili makofi yaishe vizuri, yasikatishwe na mlio wa breki. Kama hayakuja, aliingia nyumbani na uso wa mtu aliyefiwa, na Mama Pacha hakuhitaji kuuliza.

"Leo hawakupiga," anasema mkewe, akimwekea chakula.

"Walikuwa wamelala."

"Pole."

Basi ikaja siku ya mayai. Daraja la barabara kuu lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, na matroni, ambaye alikuwa amestaafu na kuanza kufuga kuku, alitaka kuja kumsalimia binti yake. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Alifika uwanjani amevaa gauni la kwenda ibadani na kitambaa kichwani, ameshika trei ya mayai kwa mikono miwili. Mpakiaji mizigo alipotaka kuichukua aiweke nyuma, alimkazia jicho lile la bwenini.

"Mimi na mayai yangu tumetoka nyumba moja," alisema, "na tutafika pamoja."

Akakalishwa mbele, kando ya mkwewe, kwa heshima. Kwenye ndege zile kiti cha mbele kina hedifoni, za kuzuia kelele na za kusikilizia redio. Kapteni Pamba alimvalisha yeye mwenyewe juu ya kitambaa, kwa adabu kubwa, akijua kwamba leo, baada ya miaka yote hii, mama huyu ataona kwa macho yake kwamba mkwe si wa mikate tena.

"Dereva," alisema matroni, akilaza trei mapajani. "Likivunjika hata moja, tutajuana."

Nyuma walikaa abiria wachache, mmoja wao fundi wa meno anayezunguka na sanduku lake mji kwa mji, mtu wa kulala kabla hata mkanda haujabana. Wakaruka. Safari ilikuwa shwari kabisa. Matroni alitazama milima, akatikisa kichwa, akasema ni mingi. Kapteni Pamba alijibu kama aliyeipanda yeye.

Walipokaribia kutua ndipo mambo yalipoharibika. Kiwanja cha mji wao ni njia moja ya lami, upande huu kijibanda cha redio, upande ule shamba la kabeji la mtu. Juu ya mlingoti kuna ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na siku hiyo mfuko ulikuwa umekasirika: unalegea, unanyooka pembeni kwa nguvu, unalegea tena, unanyooka. Upepo ulikuwa wa ubavuni, tena wa mikupuo, ule ambao hausukumi bali unapiga na kuacha. Aliyekaa kwenye kibanda, jamaa waliyemwita Sauti, rafiki wa Kapteni wa kucheza naye bao kila wikiendi, akaingia redioni.

"Pamba, huu upepo si wa mchezo. Utanyanyua bawa lako. Zunguka, subiri utulie."

Kwenye kampuni ile neno hilo lilikuwa sheria. Kibanda kikisema zunguka, unaongeza moto, unapanda, unazunguka, hata kama una mkojo. Kapteni Pamba alilisikia vizuri. Akageuza jicho pembeni, akamwona mama mkwe ameshika trei anamtazama. Nyuma yake kulikuwa na mikono ya kupiga makofi. Kuzunguka? Mbele ya mama huyu, kama mwanafunzi? Akabonyeza kitufe.

"Nashuka, nina mayai," alisema.

Sauti alicheka redioni. Baadaye hakucheka tena.

Sasa, kila rubani amefundishwa kwamba siku ya upepo kama huo hakuna kubembeleza. Ndege unaiweka chini, puu, tairi zinashika lami, basi. Abiria wataumia makalio, watakuchukia, na watafika nyumbani. Kapteni Pamba alifundishwa hivyo na mtihani aliupata. Lakini yeye alitaka kutua kwake kulekule kwa pamba, siku hiyo kuliko siku zote. Akaishikilia ndege juu ya lami, ikawa inaelea, inatafuta pa kukaa kama kuku anayetaka kutaga. Mfuko kwenye mlingoti ukalegea. Akatabasamu. Ndipo upepo ukapiga.

Bawa la kulia likaenda juu, la kushoto likakwangua lami, ndege ikageuza pua kando, ikatoka njiani, ikapita kwenye uzio wa waya kana kwamba haupo, ikaingia shambani na kulima kabeji mstari mrefu ulionyooka kuliko alioulima mwenye shamba. Gurudumu la mbele likavunjika. Pua ikalala chini, pangaboi likajikunja, injini ikanyamaza. Kukawa kimya, ila kabeji moja ikibingirika.

"Tumefika?" aliuliza fundi wa meno.

Hakuna aliyekufa, na tuseme hivyo mapema ili tucheke kwa amani. Walitoka na michubuko na matope. Aliyeumia ni matroni peke yake, na aliumia kwa kupenda mwenyewe. Wengine wote walipoona kabeji zinakuja walijikinga vichwa. Yeye alinyanyua trei juu kwa mikono miwili, akaishikilia hapo muda wote ndege inaruka na kuyumba, na kifundo cha mkono kikajigonga kwenye fremu ya mlango kikavunjika. Hakuiachia. Yai moja tu liliponyoka, likaangukia kwenye kofia ya Kapteni, likapasuka, likatiririka mpaka kwenye ile miwani nyeusi.

"Hilo ni lako," alisema matroni.

Jioni ile ile habari ilishaenea mjini, na ilienea vibaya, yaani vizuri. Watu hawakusema rubani ameangusha ndege. Walisema kuna rubani ameanguka na ndege, mabawa yamekatika, na trei nzima ya mayai imetoka salama. Sokoni wauza mayai walimpigia saluti. Kinyozi alikataa kumtoza. Na yeye, badala ya kuona haya, alikuwa akijibu, "Aa, ni mazoea tu." We! Mtu ana ndege shambani kama jembe lililosahaulika, na anasema ni mazoea tu.

Ila ofisini hawakuwa wakinunua mayai. Alisimamishwa kazi mpaka mkaguzi wa ajali afanye uchunguzi. Alipohojiwa mara ya kwanza alisema upepo ulimjia ghafla na kwamba hakuonywa na mtu. Sauti naye, kwa ajili ya bao la wikiendi, alisema redio ilikuwa inakwaruza na huenda maneno yake hayakufika. Redio ya kibanda kile hairekodi kitu. Kwa hiyo maneno yale ya mayai yalikuwa yamebaki kwenye masikio ya watu watatu: Kapteni, Sauti, na mwanamke aliyekuwa akisikia biskuti kupitia kuta mbili.

Kapteni Pamba alilijua hilo, na lilimkosesha raha. Ikijulikana kwamba aliambiwa azunguke akakataa kwa mzaha, leseni imekwenda, na kwa umri wake nani angempa nyingine? Kungebaki mikate. Na hata mikate siku hizi inataka vijana.

Tatizo ni kwamba huwezi kumvuta mama mkwe pembeni ukamwambia, "Sikia, tupange uongo." Si mtu wa bao huyo. Na sasa alikuwa anaishi sebuleni kwake, kwenye kochi refu, mkono ndani ya plasta, binti yake anashinda duka la dawa anakouza, pacha walishahama zamani, na aliyebaki nyumbani bila kazi ni nani? Kapteni. Basi akahudumia. Alimletea maji ya kunawa. Alimmenyea machungwa. Alipanga mito. Alichemsha chai, ikasemwa haina majani, akachemsha nyingine, ikasemwa sasa ni dawa ya minyoo.

"Dereva, hiyo redio punguza."

"Sawa, mama."

"Dereva, hizo nyanya chungulia, zinaungua."

Alikuwa akizisikia nyanya kutoka sebuleni! Kapteni aligeuza sufuria huku jasho likimtoka. Kila alichosikia mama huyu kilimkumbusha alichosikia siku ile. Na jambo lenyewe hakuligusa, si kwa bintiye, si kwa majirani waliokuja kumpa pole. Aliwasimulia milima na kabeji. Alipofika kwenye redio aliruka, akamtazama mkwewe, akaomba maji.

Asubuhi ya siku ambayo mkaguzi alikuwa anakuja nyumbani kumhoji, Mama Pacha alikuwa bafuni akioga. Kapteni alikuwa amepiga magoti sakafuni akimvisha matroni ndala.

"Dereva," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mtu wa ajali anakuja leo. Mimi nilisikia. Nilisikia yule wa kibandani, na nikakusikia wewe."

Kapteni alibaki ameshika ndala.

"Nimekungoja siku zote hizi useme mwenyewe. Hukusema. Sawa. Mwanangu ameolewa kwako, sitavunja nyumba yake. Ukitaka niwe kiziwi, nitakuwa kiziwi. Lakini sitajifanya hivyo kwa kukukisia. Niambie kwa mdomo wako."

Ningependa kukwambia kwamba alisimama kiume, akakataa. Hakusimama wala hakukataa. Alitazama ile ndala kama imeandikwa jibu, akasema, "Basi, mama... kama hutajali... kuwa kiziwi."

"Sawa," alisema matroni, akanyoosha mguu wa pili.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye viatu vya buti vyenye matope ya kabeji, mpole, wa kumwita kila mtu mama au baba kabla ya kumwuliza swali. Alikaa kwenye stuli mbele ya kochi. Mama Pacha alikaa mkono wa kochi, karibu na mama yake. Kapteni alikwenda jikoni kuandaa chai, kwa heshima, na kuacha mlango wazi, kwa woga.

"Mama, pole sana kwa mkono. Siku ile ulikaa mbele, sivyo?"

"Eee?"

"Ulikaa mbele?"

"Sina shida, binti yangu. Wanataga vizuri tu. Jogoo ndiye mvivu."

Jikoni, Kapteni aliweka kikombe chini. Mkaguzi alisogeza stuli, akapaza sauti. "Nauliza hedifoni! Ulivaa hedifoni?"

"Ah! Kwa kuwachemsha au kuwakaanga?"

Nakwambia alijua kufanya kazi, mama yule. Akipewa jambo halifanyi nusu. Alikodoa macho, akaweka mkono nyuma ya sikio, akatabasamu tabasamu la kizee asiye na habari, yeye aliyekuwa akiliongoza bweni zima kwa ukope. Mkaguzi alipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Alipata habari zote za kuku na hakupata hata moja ya ndege. Mwishoni akaanza kumzungumzisha polepole, kwa ishara za mikono, kama watu wanavyowazungumzisha watoto wadogo, na matroni akaitikia kwa kichwa kila kitu.

Mwanzoni Kapteni alitaka kucheka. Alijiuma mdomo.

Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Pacha.

"Mama?" alisema. Akamshika bega. "Mama, mbona hivi? Mama, unanisikia?"

Matroni alitazama ukuta.

"Mama!" Sasa alikuwa amesimama. Mtu anayeuza dawa kila siku anajua majina ya magonjwa mengi, na yote yalimjia kwa mpigo. "Ni ile ajali! Damu imevilia ndani ya sikio! Na mimi nampa panadoli za mkono, nampa panadoli!" Alikimbilia droo, akarudi na tochi, akamgeuza mama yake kichwa, akamulika sikio hili, akamulika lile. Mkaguzi akafungua karatasi zake na kuandika kwamba abiria amepoteza usikivu. "Mama, niambie neno. Mama, ni mimi." Akapiga magoti, akalaza uso kwenye mapaja ya mama yake, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto.

Matroni hakusogea. Aliahidi na ahadi aliishika. Lakini kutoka jikoni Kapteni aliuona mkono wake ule mzima: ulikuwa umeinuka kidogo kumgusa binti yake kichwani, ukasita, ukarudi kwenye kochi, kwa sababu kiziwi hajui kwamba mtu analia. Na kidevu chake kilikuwa kinatikisika.

Hapo Kapteni Pamba aliona aibu. Si ile ya kukohoa na kuzungumzia mawingu. Hii ilimsukuma mpaka sebuleni, akiwa bado ameshika birika.

"Anasikia," alisema.

Mkaguzi aliinua kichwa.

"Anasikia kuliko sisi sote. Mimi ndiye niliyemwambia asisikie. Niliambiwa nizunguke. Redio haikukwaruza, ilisema wazi kabisa, zunguka, nami nikajibu..." Akakwama. Maneno yale yalikuwa matamu sana angani. Sebuleni, na birika mkononi, yalikuwa mazito kama tofali. "Nikajibu, nashuka, nina mayai."

Mkaguzi aliandika, akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hukuzunguka, baba?" aliuliza mkaguzi, kwa upole uleule, ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Nilitaka wapige makofi."

Matroni alimgeukia binti yake. "Huyu anasema nini?" aliuliza kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba uziwi umekwisha.

Mama Pacha alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, akafuta machozi kwa nyuma ya mkono. Kwanza alimfinya mama yake bega, finyo la kweli, mpaka matroni akasema "Aah!" Kisha akamchukua Kapteni jikoni, akafunga mlango. Mkaguzi na matroni walibaki wakinywa chai. Yaliyosemwa jikoni hayakuhitaji masikio ya matroni kuyasikia. Jirani aliyesikia yote amekuwa akiyarudia mpaka leo, na mengine hayaandikiki.

Walimnyang'anya leseni. Waliiweka kabatini mpaka hapo atakapofundishwa upya na kupimwa upya, na kampuni, kwa huruma au kwa kukosa wapakiaji, ikamwacha abebe mizigo na kuosha ndege. Sauti naye alipewa likizo ambayo hakuiomba, na bao likafa kwa muda. Sokoni wauza mayai walisikia yote, saluti zikakoma, zikabadilika kuwa maswali. "Kapteni, leo unashuka? Una nini?" Alikuwa akinyamaza na kununua vitunguu. Mwalimu aliyepewa kumnoa alikuwa kijana mwenye chunusi ambaye angeweza kuwa mmoja wa pacha wake, na kila walipokaribia lami kijana alimpigia kelele, "Bwaga, mzee! Usiipapase! Bwaga!" Aliambiwa bwaga mpaka akaliota. Makofi hakupigiwa hata moja muda huo wote, na kusema kweli alikonda.

Leseni ilirudi. Ilirudi kimyakimya, bila sherehe, na akaanza tena njia zake za milimani akiwa mtu asiyesema sana.

Halafu siku moja akakuta abiria amesimama kwenye lango la uwanja na gauni la kwenda ibadani, mkono umepona, trei ya mayai mikononi. Daraja lilikuwa limeshafunguliwa zamani. Angeweza kabisa kupanda basi.

"Dereva," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Naomba kukaa mbele."

Alimvalisha hedifoni. Hakuna aliyesema kitu juu ya mayai. Nyuma alikuwamo fundi wa meno, ambaye tangu siku ile ya kabeji hawezi tena kulala kwenye ndege na anawalaumu watu wote. Walipofika juu ya mji, ule mfuko kwenye mlingoti ulikuwa unalegea, unanyooka, unalegea, unanyooka.

"Pamba," alisema Sauti redioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga yai. "Zunguka, tafadhali."

"Nazunguka," alisema Kapteni.

Akaongeza moto, wakapanda. Akazunguka juu ya kabeji. Akarudi, akaambiwa tena, akazunguka tena. Nyuma watu walianza kuguna. Mmoja akasema huyu naona amepotea njia. Fundi wa meno akaanza kusali kwa sauti. Kapteni Pamba alisikia yote, masikio yakamwaka moto, na matroni alikuwa akimtazama kwa jicho lile lile. Akazunguka.

Mwisho akaambiwa haya, njoo, na uwe mkali. Alikuja. Upepo ukapiga, akaukatalia kwa usukani na miguu, na lami ilipofika hakuitafuta wala hakuibembeleza. Akaibwaga ndege. Puu! Mabegi yakaanguka. Mtu akauma ulimi. Meno ya bandia yakaruka kutoka kwenye sanduku la fundi yakatembea sakafuni. Tairi zikang'ang'ania lami, ndege ikatetemeka kama gari lake la mikate, ikanyooka katikati ya njia, ikasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alimtukania aliyemfundisha. Kapteni Pamba alikaa ameshika usukani, kwa mazoea akisubiri kidogo, kisha akakumbuka, akaanza kugeuza ndege kuelekea maegesho.

Ndipo alipotazama pembeni. Trei ilikuwa mapajani pa matroni, na safari hii hakuinyanyua. Aliiacha ikae palepale ilipokaa. Ulikuwa ni uji mtupu wa njano, unatiririka kwenye gauni, kwenye kiti, kwenye viatu. Matroni aliutazama kwa muda. Kisha akainua mikono yake miwili inayochuruzika na kuigonganisha, pa, pa, pa, ute ukirukia kioo.

Fundi wa meno, aliyekaa nyuma yake, anaapa kwamba mama yule alikuwa anakung'uta ute wa mayai tu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kapteni anasema si kweli, yale yalikuwa makofi. Matroni mwenyewe ukimwuliza anaweka mkono nyuma ya sikio, anasema, "Eee?" Siku ile Kapteni alimsaidia kushuka, akamfuta mikono kwa leso yake, wakaenda nyumbani kwa miguu, na njiani wakapita sokoni kununua mayai.